Wafugaji wa Greenland

Sogeeni, wajukuu zangu, niwasimulie habari za watu waliofuga ng'ombe ukingoni mwa barafu.

Kule Iceland alikuwapo Erik Mwekundu, mtu wa ugomvi. Aliua watu, akafukuzwa nchini miaka 3. Akatweka tanga kuelekea magharibi, akaikuta Greenland, nchi ya barafu tupu ila hori chache za kusini-magharibi zenye malisho. Aliporudi akaisifia hata watu wakamfuata. Mnamo 985 ziling'oa nanga merikebu 25, zikafika 14.

Waliofika walijenga mazizi, mashamba, baadaye na makanisa. Kipupwe kilikuwa kirefu, ng'ombe wakifungiwa ndani miezi kadhaa na kulishwa majani makavu. Lakini chuma hawakuwa nacho, wala mbao nzuri za kuundia vyombo. Hivyo vililetwa kwa meli kutoka Norwei. Nao walilipa nini? Pembe za walarasi, yule mnyama mnene wa bahari ya baridi mwenye meno mawili marefu. Kila kiangazi wanaume walipiga makasia kwenda mbali kaskazini kumwinda, na mafundi wa Ulaya wakachonga pembe hizo misalaba na kete za sataranji.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa hadithi inatugusa. Katika karne ya 13 pembe za ndovu kutoka Afrika zilianza kuingia Ulaya kwa wingi, na wapo wanahistoria wanaoamini kwamba baadhi zilisafirishwa kutoka mwambao wetu huu. Pembe ya ndovu ni kubwa, tena nyororo hadi ndani. Ya walarasi ni ndogo na kiini chake kina mabaka. Ungekuwa tajiri wa Paris ungenunua ipi?

Soko likadorora. Mwaka 1349 tauni ikaingia Norwei, ikaua watu wengi mno, meli za Greenland zikapungua. Baridi nayo ilizidi, barafu ikajaa baharini. Sehemu ya makazi yao iliyoitwa Makazi ya Magharibi ikawa tupu katikati ya karne ya 14.

Wengine husema watu wale walikufa njaa kwa ukaidi, eti walikataa kula vya baharini. Mimi sikubali. Mifupa ya makaburini ilipopimwa ilionyesha kwamba miaka ilivyopita walizidi kula vya baharini, na majaa yao yamejaa mifupa ya sili. Walijitahidi! Ila yaelekea vijana waliondoka kidogo kidogo, na shamba lisilo na vijana halidumu.

Mwaka 1408 Sigrid na Thorstein walifunga ndoa katika kanisa la Hvalsey, kisha wakahamia Iceland. Baada ya harusi hiyo hatuna tena habari iliyoandikwa kutoka makazi yale. Mwaka 1721 mchungaji Hans Egede alitoka Norwei kuwatafuta wazao wa wafugaji. Alikuta magofu, na Wainuit, wawindaji hodari wa sili waliokuwa wakiishi nchi ile bila ng'ombe hata mmoja. Akabaki kuwahubiria hao.