Mmea wa maji ndani ya bokali: faida kwa watoto, na tahadhari ya kila mama

Juma hili tunawaletea habari ya mmea unaoishi ndani ya maji, mizizi yake ikiwa mchangani. Haudai jua kali, wala umeme, wala dawa ya dukani. Katika nchi nyingine watu huupanda katika akwariamu, yaani sanduku la kioo la kufugia samaki. Kwetu Kasongo na Kabambare masanduku ya namna hiyo ni adimu, lakini bokali la kioo, mchanga na maji tunavyo.

Sisi walimu tunaupenda mmea huu kwa ajili ya masomo. Tunawafundisha watoto kwamba jani la kijani, likipata mwanga, hutoa hewa safi. Tunachora jani ubaoni, watoto wanaandika, na siku ya mtihani wanaturudishia maneno yale yale. Jani la muhogo linatoa hewa hiyo kila siku mbele ya nyumba, ila hakuna anayeiona. Ndani ya maji inaonekana. Ukisogeza bokali mahali penye mwanga mzuri kwa saa chache, utaona mapovu madogo yakipanda kutoka kwenye jani. Ukilifunika kwa kitambaa kizito, mapovu yanapungua hadi kwisha. Ukilifunua, baada ya muda yanaanza tena. Mtoto aliyeona hivyo kwa macho yake hana haja ya kukariri.

Lakini tulipowaeleza wazazi jambo hili, wamama walituuliza: “Nani ataingia majini kuchuma huo mmea? Mtoto akirudi na kichocho, nani atamtibu?” Ni swali la haki, na ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Jibu letu la kwanza ni fupi: mtoto asiingie majini kwa ajili ya mmea, hata kama ametumwa na mwalimu. Sasa tueleze mengine kwa utaratibu.

Mmea wenyewe

Jina lake la kitaalamu ni Vallisneria. Jina hilo linatokana na Antonio Vallisneri, mganga na mchunguzi wa viumbe wa Italia aliyefariki mwaka 1730. Darasani sisi tunauita utepe wa maji, kwa kuwa majani yake ni marefu na membamba kama utepe wa kufungia nywele. Yote yanatoka mahali pamoja, karibu na mizizi. Unaota katika ziwa Tanganyika, kwa hiyo kwa watu wa Kabambare wanaofuata samaki hadi Baraka si mgeni wa mbali.

Mmea wa kiume na wa kike ni mbalimbali. Ua la kike hupanda juu ya maji kwa kikonyo kirefu. Maua ya kiume ni madogo sana. Hukatika chini, yakaelea, yakachukuliwa na maji hadi kulifikia la kike. Kisha kikonyo hujikunja kama springi na kulivuta tunda chini likakomae. Lakini katika bokali mmea huzaliana zaidi kwa njia nyingine, ambayo kila mama mwenye shamba anaijua: hutoa kamba inayotambaa mchangani kama ile ya viazi vitamu, na kwenye kamba hiyo huota mche mpya wenye mizizi yake.

Kwa nini hauhitaji jua nyingi? Mwanga hupungua kadiri unavyoshuka ndani ya maji, na mmea huu umezoea kuishi huko chini. Hata hivyo, giza kabisa litauua. Sisi tunapima hivi: mahali ambapo mtoto anaweza kusoma daftari lake saa sita mchana bila taa, hapo mmea utaishi.

Kwa nyumba yenye kivuli zaidi kuna mmea mwingine, Anubias. Huo huota kando ya vijito vya msituni katika Afrika ya Magharibi na ya Kati, Kongo ikiwemo. Mtaalamu wa mimea wa Austria, Schott, aliupa jina hilo mwaka 1857, kutokana na Anubis, mungu wa wafu wa Wamisri wa kale. Hukua polepole mno. Shina lake nene lisifukiwe mchangani, maana litaoza. Lifungwe kwa uzi juu ya jiwe, na mizizi itajishika yenyewe.

Waliotangulia

Kati ya watu wa kwanza kutumia masanduku ya kioo kuchunguza viumbe vya majini alikuwa mwanamke, Jeanne Villepreux-Power wa Ufaransa. Alizaliwa mwaka 1794, binti wa fundi viatu, na alifanya kazi ya kushona nguo Paris. Alipoolewa alihamia kisiwa cha Sicily, na mwaka 1832 alitengeneza masanduku yake. Kwa njia hiyo alithibitisha kwamba argonauta, mnyama wa baharini wa jamii ya pweza, hujitengenezea gamba lake mwenyewe, wakati wataalamu wengi walidhani huliiba kwa mwingine.

Mwaka 1850, huko London, mkemia Robert Warington alitoa taarifa ya jaribio lake. Aliweka samaki wawili wadogo katika chombo cha maji pamoja na mmea huu huu, utepe wa maji. Mmea uliwapa samaki hewa, lakini majani ya zamani yalioza na maji yakachafuka. Ndipo akaongeza konokono. Wakala yaliyooza, maji yakawa safi tena.

Hapo kuhusu konokono, wamama, ndipo sisi hatuwezi kumfuata Warington.

Konokono na kichocho

Mtu mwenye kichocho akijisaidia mtoni au kando yake, mayai ya mdudu hutoka na choo au mkojo na kuingia majini. Humo yanaanguliwa, na vijidudu vinavyotoka humtafuta konokono wa maji na kuingia mwilini mwake. Baada ya majuma kadhaa, konokono huyo anaanza kutoa vijidudu vingine, vidogo hata jicho halivioni. Hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, bila jeraha lolote. Baadaye mtoto analalamika tumbo, anatoa damu katika choo au mkojo, anachoka na masomo yanamshinda. Kwa miaka mingi ini au kibofu vinaweza kuharibika. Dawa ipo, inaitwa praziquantel, nayo hutolewa na muuguzi baada ya kuangalia hali na uzito wa mtoto.

Konokono hawa hupenda maji yaliyotulia yenye majani mengi, yaani pale pale panapoota mimea tunayoitafuta. Kwa macho hatuwezi kumjua aliyebeba ugonjwa na asiyebeba. Kwa hiyo tunashika kanuni hizi:

Mche ulio bora ni ule uliozaliwa ndani ya bokali safi la mwenzako. Huo haujawahi kuona mto.

Kama hakuna, mtu mzima ndiye auchukue. Asimame ukingoni na kuuvuta kwa fimbo ndefu yenye ndoano, bila kuingiza miguu wala mikono majini. Mikono ivalishwe glavu, au mifuko ya plastiki isiyotoboka. Utepe wa maji wa kweli hulegea ukitolewa nje, kama kitambaa kilicholowa. Jani likisimama wima hewani, hilo ni nyasi la ukingoni, halitadumu chini ya maji.

Mmea ukifika nyumbani, mikono ikiwa bado imefunikwa, usafishe katika ndoo na ugeuze kila jani. Toa kila konokono. Mayai yao ni kama utomvu mwangavu ulioganda chini ya jani. Katika jani lenye hayo, kata lote utupe. Kisha weka mmea katika ndoo nyingine ya maji safi, iliyofunikwa, kwa siku tatu. Vijidudu vya kichocho vilivyokwisha kutoka kwa konokono haviishi zaidi ya siku mbili hivi visipompata mtu. Maji yote ya kusafishia yamwagwe juani, juu ya udongo mkavu, mbali na kisima na kijito.

Wengine wanaogopa kwamba yai lililosahaulika litaleta ugonjwa. Konokono mchanga anazaliwa bila kichocho. Anakipata tu majini mnamoingia uchafu wa mtu mgonjwa. Hata hivyo, ukimwona ndani ya bokali, mtoe.

Namna ya kupanda

Tafuta bokali la kioo cheupe lenye mdomo mpana, la lita tano au zaidi. Kumbuka kwamba lita kumi za maji ni kilo kumi, kwa hiyo meza iwe imara. Liwe juu, mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki.

Weka chini udongo wa mfinyanzi kidogo, unene wa kidole, usio na mbolea, maana mbolea itaozesha maji. Juu yake weka mchanga, unene wa vidole vitatu au vinne. Mchanga huo uoshwe mara nyingi hadi maji yatoke meupe, kisha ukaushwe juani. Mimina maji taratibu juu ya sahani ili mchanga usichimbike. Maji ya mvua au ya chemchemi yanafaa. Maji yaliyotiwa dawa ya klorini yakae wazi siku moja kwanza.

Ziwa Tanganyika lina chokaa na chumvi nyingi kuliko maji ya mvua, na utepe wa maji umezoea hali hiyo. Kwa hiyo chemsha maganda ya mayai, yakaushe, yaponde, na uchanganye kijiko kimoja na mchanga. Yatayeyuka kidogo kidogo.

Chimba kwa kidole, ingiza mizizi, rudisha mchanga. Ile sehemu nyeupe ambapo majani yanakutana na mizizi ibaki juu ya mchanga. Ukiifukia, mmea utaoza. Katika majuma ya kwanza majani ya zamani yanaweza kulegea na kuyeyuka. Usiung'oe. Kata yaliyooza, ungoje. Mizizi ikishika, majani mapya yatatoka katikati.

Bokali likae karibu na dirisha, lakini jua lisilipige moja kwa moja. Jua kali huchemsha maji na kuleta utando wa kijani juu ya kioo. Kila juma toa robo ya maji, uongeze mapya. Yale ya zamani ni mazuri kwa mchicha na lengalenga.

Mbu na samaki

Maji yaliyotulia ni mahali pa mbu kutagia, hata yakiwa safi. Katika joto la kwetu, yai la mbu laweza kuwa mbu anayeruka baada ya siku kumi hivi. Kwa hiyo mdomo wa bokali ufunikwe kwa kitambaa chepesi, kifungwe kwa kamba. Kipande cha chandarua kilichokwisha chakaa kinafaa; chandarua kizima kibaki kitandani juu ya watoto. Ukiona viluwiluwi ndani, mwaga maji yote siku hiyo hiyo juu ya udongo mkavu, suuza mmea, uanze na maji mapya.

Samaki si lazima. Mwanzoni acha mmea peke yake hadi uwe umeshika. Tilapia hawafai hapa: huchimba mchanga, hung'oa mizizi na kula majani.

Usitupwe mtoni

Miche ikizidi, mpe jirani mwenye bokali, au ianike juani hadi ikauke kabisa. Usiitupe kijitoni. Gugu-maji lilitoka Amerika ya Kusini, likapendwa na watu kwa uzuri wa maua yake, wakalipeleka nchi nyingi. Katika miaka ya 1950 lilianza kuziba njia za mitumbwi katika mto Kongo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika ziwa Victoria, likawatesa wavuvi. Mmea wa ziwa usihamishiwe Luama wala Lualaba kwa mikono yetu.

Vikundi vyetu vifanye nini?

Tunashauri kila kikundi kiwe na bokali moja tu la mama, chini ya mtu mzima mmoja anayezijua kanuni hizi. Mche wenye majani manne na mizizi yake ukatwe kwenye kamba na kupewa nyumba nyingine, au shule iliyo karibu. Kwa njia hiyo safari ya kwenda majini inafanywa mara moja, na mtu mzima, na watoto wote wanaobaki wanapata miche safi.

Nyumbani, mkabidhi mtoto mmoja kazi ya kuangalia kitambaa kila asubuhi, kutoa majani yaliyooza, na kupima kwa rula jani jipya kila Jumamosi. Aandike katika daftari. Wasichana wetu ndio wanaochota maji kila siku. Wapeni na wao zamu ya kuyachunguza. Na mtoto yeyote anayelalamika tumbo kwa muda mrefu, au aliyeona damu katika choo au mkojo, msingoje somo wala mkutano: mpelekeni kituo cha afya kesho asubuhi.