Mpangaji Mwenye Mlango Wake

Mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1521, tajiri Jakob Fugger alianzisha mtaa wa Fuggerei kwa vibarua na mafundi Wakatoliki walioshindwa na maisha. Nyumba zake ni za orofa mbili, zenye paa la vigae: jamaa moja chini, nyingine juu, na kila jamaa ina mlango wake. Mwashi Franz Mozart, babu wa baba yake mwanamuziki Wolfgang Amadeus Mozart, aliishi humo.

Mabomu yalibomoa sehemu kubwa mwaka 1944. Ikajengwa upya, na sheria inailinda. Hata leo kodi ya mwaka mzima haifiki euro moja, pamoja na sala za kila siku: Baba Yetu, Salamu Maria na Kanuni ya Imani. Wasomaji wapenzi, maskini humsaidiwa bila kuvunjiwa heshima.