Hukumu ya Kufinyanga na Kupaka Rangi Wanyama wa Udongo

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Tumefikishiwa suala kutoka Ibaba, wilayani Ileje, mkoani Songwe. Huko, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi yetu zenye mifugo, watoto hufinyanga ng'ombe na mbuzi wa udongo, wakawapaka majivu, mkaa na udongo mwekundu, na kuwajengea zizi la vijiti. Mwalimu wa madrasa amewavunjia ng'ombe hao na kuwatisha kwa adhabu ya Kiyama. Muulizaji ni mtu mzima. Naye hufinyanga wanyama wadogo kwa kupitisha wakati, lakini yeye huwachoma, huwapaka rangi ya mafuta na kuwapanga kabatini sebuleni. Anauliza: je, hukumu yake na ya watoto ni moja?

Tunasema: si moja.

Asili ya jambo hili ni katazo, na dalili zake zimo ndani ya Bukhari na Muslim: wenye kutengeneza sura za viumbe wataamrishwa kuzipulizia roho, nao hawataweza. Ibn Abbas (R.A.) alijiwa na mtu aliyekuwa akila kwa kazi hiyo ya mikono. Alipomsikilizisha Hadithi, yule mtu alibadilika uso kwa hofu. Ibn Abbas hakumwacha hivyo hivyo, bali alimwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Wenye kuyatolea hoja masanamu ya Nabii Sulayman (A.S.) yaliyotajwa katika Surat Sabaa wajue kuwa sharia ya waliotutangulia si hoja pale sharia yetu inapokuja na kinyume chake.

Katika asili hiyo vimetolewa vitu vya kuchezea watoto. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere, na miongoni mwao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume (S.A.W.) alimuuliza habari zake, naye akajibu kuwa farasi wa Sulayman walikuwa na mbawa. Mtume (S.A.W.) akacheka. Abu Daud ndiye aliyeipokea. Na Rubayyi' bint Mu'awwidh (R.A.) amesimulia kuwa siku ya Ashura waliwatengenezea watoto waliofunga vitu vya kuchezea vya sufi, ili njaa isiwaelemee. Angalieni, ndugu zangu: watu wazima ndio waliovitengeneza, nyumbani, kwa mikono yao. Qadhi Iyadh (aliyefariki 544 H) amenukuu kuwa jamhuri ya wanachuoni wanajuzisha hata kuviuza.

Hata hivyo mwalimu wa Ibaba hakusema bila ya mtangulizi. Al-Halimi (403 H), mmoja wa wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, amesema mwanasesere akiwa na umbo kamili kama sanamu hajuzu. Kwa kauli hii, udongo si kama vitambaa vilivyofungwa. Na al-Khattabi ameona kuwa Bibi Aisha aliruhusiwa kwa sababu hakuwa amebaleghe. Ibn Hajar (852 H) ameitazama kauli hiyo kwa shaka, kwani wakati wa Khaybar alikuwa na umri wa miaka kama 14.

Upande wa pili yupo Asbagh (225 H) katika Maliki. Yeye amejuzisha sura za vitu visivyodumu, ingawa kauli yenye nguvu kwao ni katazo. Ng'ombe wa mtoto wa Ibaba hajachomwa. Mvua ya kwanza ikimkuta zizini hurudi kuwa tope. Basi tukikusanya ruhusa ya kuchezea na kutodumu kwake, sisi hatuoni njia ya kumkataza mtoto. Wala mtoto hana taklifu, kalamu haijaanza kumwandikia. Vipi atishwe kwa Moto? Na mwenye kuvunja kitu chenye ruhusa amevunja mali ya mwenziwe, japo ni tope.

Ama wa kabatini, hachezewi na mtoto. Amechomwa adumu, amewekwa juu apendezeshe. Hapa ndipo katazo linapomfika mwenyewe, na rangi haiongezi wala haipunguzi, kwani kinachozingatiwa ni umbo. Wapo wanaomtaja al-Qarafi (684 H), faqihi wa Kimaliki aliyeeleza kuwa alitengeneza kinara cha taa chenye simba anayebadilika rangi ya macho kila saa. Ni habari ya kushangaza, na ufundi wake unastahiki kusifiwa. Lakini kitendo cha mwanachuoni mmoja hakiangushi Hadithi sahihi.

Muulizaji asivunjike moyo. Jibril (A.S.) aliagiza sanamu ikatwe kichwa iwe kama mti, kwa hiyo alivyonavyo aviondoe vichwa. Mikono yake aitumie kwa nyumba, mitumbwi, migomba na mibuni. Au awafinyangie watoto wanyama wa kuchezea, awape wacheze nao hadi waishe. Sala alizosali sebuleni humo ni sahihi, hazilipwi, ila ni makuruhu kusali akielekea kabati hilo.

Wallahu aalam.