Fahamu: Kwa nini Wamarekani hupigia kura deni la umeme

Novemba 7, 2023, wapiga kura wa jimbo la Maine, Marekani, waliamua kwamba shirika la umeme linalomilikiwa na wateja haliwezi kukopa zaidi ya dola bilioni 1 bila ridhaa yao. Kampeni ya kura hiyo ilifadhiliwa na kampuni mama ya Central Maine Power, kampuni ya umeme iliyokuwa ikipigana isinunuliwe na umma kwa mkopo. Nia hiyo haipaswi kusahauliwa.

Lakini hofu ya deni ina historia yake. Jimboni Washington, muungano wa mashirika ya umma ya umeme, WPPSS, ulianza kujenga vinu 5 vya nyuklia miaka ya 1970 kwa fedha za hatifungani. Gharama zilipaa, ujenzi ukachelewa, na riba haikusubiri. Mwaka 1981 wananchi walipitisha sheria ya kuipigia kura mikopo ya miradi mikubwa ya nishati.

Walichelewa. Mahakama za shirikisho ziliibatilisha sheria hiyo kwa kuwa iliingilia mikataba iliyokwishafungwa na wenye hatifungani. Mwaka 1983 WPPSS ilishindwa kulipa dola bilioni 2.25, na wastaafu waliowekeza akiba zao wakaumia. Kinu kimoja tu kilikamilika; huko Satsop, jimboni humo, minara miwili ya kupoozea ya vinu visivyokamilika, yenye urefu wa karibu mita 150, haijawahi kutumika.

Kura ya wananchi kuhusu deni ina maana ikipigwa kabla ya mkataba wa kwanza kusainiwa, huku makadirio kamili ya gharama yakiwa mezani.