Mshale wa Spidi Ukidanganya

Mkulima wa miwa hapa Rongo anajua hasara ya mizani mbovu. Tani zikisomwa pungufu, jasho la msimu mzima limepotea. Lakini kuna kipimo kingine ambacho wengi wetu hatukihoji kamwe, nacho ni spidomita ya gari kuukuu.

Barabara ya Kisii kwenda Migori inapita katikati ya mji wetu. Watoto wanavuka, bodaboda zinakata kona, akina mama wamepanga mboga kando. Kisheria mwisho wa mwendo mjini ni kilomita 50 kwa saa, na matatu na malori yasipite 80 hata njia ikiwa wazi. Dereva mwenye mshale unaosoma pungufu anavunja sheria huku akijiona mwangalifu. Tena mwendo ukizidi kwa sehemu moja ya kumi, umbali wa gari kusimama baada ya kukanyaga breki unaongezeka kwa karibu sehemu moja ya tano. Hapo ndipo mtoto anapogongwa.

Spidomita inafanyaje kazi?

Spidomita ya waya ni ya namna moja, iwe ni ya pikapu ya kubeba ndizi au ya Datsun 240Z, gari la spoti lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Gia ndogo kwenye giaboksi inazungusha waya. Waya unazungusha sumaku nyuma ya dashibodi. Sumaku inavuta kikombe chembamba cha alumini chenye mshale, na springi ndogo kama ya saa inakizuia. Gari likiongeza mwendo, mvuto unazidi na mshale unapanda. Otto Schulze wa Ujerumani alisajili ubunifu huo mwaka 1902.

Waya huohuo unazungusha namba za kilomita, lakini kwa meno ya gia, bila sumaku. Kumbuka jambo hili, litatusaidia kujua ugonjwa uko wapi.

Jinsi ya kuipima

Mwenye simu ya GPS aitumie, ila simu ishikwe na abiria, si dereva. Asiye nayo apime kilomita moja ya barabara iliyonyooka kwa kamba ya mita 50, mara 20, aweke alama mwanzo na mwisho. Kisha dereva ashikilie mshale palepale, mwenzake ahesabu sekunde. Mwendo halisi ni huu:

Sekunde 72: kilomita 50 kwa saa.
Sekunde 60: kilomita 60.
Sekunde 45: kilomita 80.

Mshale ukisema 50 na wewe umemaliza kwa sekunde 65, bwana, ulikuwa unakwenda 55. Mshale ukizidisha kidogo si neno. Viwanda vingi hufanya hivyo makusudi. Unaopunguza ndio wa kuogopa.

Kwa gari la zamani kutoka Uingereza, angalia kwanza kama spidomita inasoma maili. Hapo 50 ya mshale ni kilomita 80!

Dalili na dawa

1. Mshale na namba za kilomita zote zinakosea kwa kiasi kilekile. Angalia tairi. Spidomita inahesabu mizunguko, haioni barabara. Ukitoa tairi zenye kimo cha sentimita 60 ukaweka za 66, mshale ukisema 80 unakwenda 88. Rudisha saizi ya kiwandani. Kama giaboksi au difu ilibadilishwa, fundi atafute gia ya spidomita inayofaa. Gia ya upande wa waya ikiwa na meno machache zaidi, mshale unapanda. Kwa mfano, kutoka meno 22 hadi 20 kunaongeza sehemu moja ya kumi.

2. Mshale unatetemeka, au kuna kelele nyuma ya dashibodi. Mara nyingi ni waya. Uchomoe, ufute, uzungushe juu ya meza. Ukirukaruka au nyuzi zimekatika, nunua mwingine. Ukiwa mzima, upake girisi kidogo, lakini sentimita 15 za juu ziachwe kavu, maana girisi ikipanda ndani ya spidomita inanasa kikombe. Ukiurudisha, usiukunje kona kali.

3. Mshale umelala kabisa, namba nazo hazisogei. Waya umekatika, au meno ya gia ya plastiki yamelika.

4. Namba za kilomita ni sahihi, mshale pekee unadanganya. Hapo ni springi, sumaku au mshale wenyewe. Kazi hii mpe fundi wa spidomita. Usikubali mtu akusogezee mshale kwa macho tu. Atasawazisha kwenye 50 na kuharibu kwenye 80. Na namba za kilomita zisirudishwe nyuma, kwani huo ni wizi kwa atakayenunua gari.

Kabla hujapata pesa za fundi

Hebu bandika kipande cha plasta kwenye kioo cha spidomita, mahali mshale unaposimama gari likiwa kwenye 50 ya kweli, na kingine kwa 80. Ni kazi ya asubuhi moja, na mtu wawili wanatosha. Ukiingia Rongo, fuata plasta, si namba.