Ruhusa Isiyo na Masharti

Mtu wa Wete afunguapo ramani ya OpenStreetMap katika simu yake, akautazama mji wake na njia ziendazo Konde na Chake Chake, huona pembeni, kwa herufi ndogo, jina la wenye ramani. Na herufi hizo si pambo bali ni sharti, kwani tangu mwaka 2012 leseni ya ramani hiyo humruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili, hata kuiuza, ilimradi awataje walioichora, na akizitengeneza upya taarifa zake na kuzitangaza, azitoe kwa ruhusa ile ile.

Katika ulimwengu wa programu za kompyuta iko leseni isiyotaka hata hayo. Hujulikana kwa herufi WTFPL. Banlu Kemiyatorn aliianzisha mwaka 2000, na Mfaransa Sam Hocevar akaiandika upya mwaka 2004, na hukumu yake ni moja tu, kwamba mtumiaji afanye apendavyo. Jina lake kamili lina tusi ambalo haya yanizuia kulitaja hapa; na kwa sababu ya tusi hilo, pamoja na ufupi wa maneno yake, wako wasemao kwamba haistahiki makala katika ensaiklopidia.

Mimi naona yastahiki. Sheria ya hakimiliki humpa mtungaji milki ya kazi yake tangu aiandikapo, hata asipoisajili. Kwa hiyo kijana wa Chake Chake atiaye programu yake katika intaneti bila neno la idhini, ijapokuwa nia yake ni kuwafaa wenziwe, amewanyima haki ya kuitumia pasipo kukusudia. Sentensi moja ya ruhusa huiondoa shaka hiyo.

Lakini manufaa peke yake hayatoshi, kwani Wikipedia hutaka ushahidi wa watu wa mbali, wasio na maslahi katika jambo lenyewe. Nao wapo: Free Software Foundation ya Marekani imekiri kwamba leseni hii ni huru, ilhali Open Source Initiative, mwaka 2009, ilikataa kuiidhinisha, kwa hoja kwamba haitofautiani na kuiachia kazi iwe mali ya umma. Khitilafu hiyo baina ya wajuzi ndiyo inikinaishayo zaidi, kwa kuwa ndani yake mna suala zito la kisheria: je, mtu aweza kuiacha milki yake kabisa, au hubaki nayo huku akiruhusu kila kitu?

Makala hiyo na iwe fupi, itaje miaka na hukumu zote mbili, na jina iliandike kamili bila kulisitiri, maana msomaji wa ensaiklopidia ana haki ya kulijua. Na zile leseni walizojitungia watu, ambazo hakuna mwingine aliyezichunguza, zingoje.