Sala na Dawa Havigombani
Mraibu aliyeokoka huambiwa mara nyingi kwamba akinywa dawa amepungukiwa imani. Kauli hiyo ni ya hatari. Heroini huuzoesha mwili, nao ukiikosa hutetemeka na kutapika. Ndiyo maana Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2011 kutoa methadoni, dawa inayotuliza hali hiyo. Lakini dawa haimtafutii mtu marafiki wapya, na hapo ndipo kanisa lina nguvu. Alcoholics Anonymous, jumuiya ya walevi wanaosaidiana kuacha pombe iliyoanzishwa Marekani mwaka 1935, ilichota katika vuguvugu la Kikristo desturi ya kuungama na kusaidiana, na uchambuzi wa tafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa njia hiyo huwasaidia wengi kuacha pombe kabisa. Je, hakuna waliopona kwa maombi pekee? Wapo. Ila anayerudia heroini baada ya kuacha, mwili wake hauhimili tena kipimo cha zamani, naye aweza kufa usiku huohuo. Mchungaji ampendaye atamsindikiza kliniki.